Wafu wa Upepo, Wafu wa Makaa

Kaskazini kabisa, ambako jua likichomoza huwa kama mgeni aliyekuja kuaga, iko nchi iitwayo Mzizimo. Watu wake ni waungwana, barabara zao zimenyooka, na hakuna nchi nyingine inayojadili umeme kwa bidii kama wao. Huko ndiko Nyamizi, mshonaji wa sare za shule kutoka Unyamwezini, alikokwenda kumchukua mdogo wake akamzike.

Mdogo wake aliitwa Kashindye. Aliondoka nyumbani angali kijana, akapata kazi katika dobi kubwa la mji mkuu wa Mzizimo, akafua mashuka ya hoteli na makoti ya waheshimiwa. Kila alipokuja likizo alileta soksi nene ambazo hakuna aliyezivaa, na jioni akakaa na dada yake kumfundisha lugha ya huko kwa utani, mpaka Nyamizi akaweza kuisema bila kujua kwamba kuna siku itamfaa. Kisha, katika kipupwe kilichopita, umeme ulikatika nchi nzima ya Mzizimo, ukakaa hivyo siku baada ya siku, barafu ikaingia mpaka ndani ya birika. Wenyeji wanauita wakati ule Giza Kuu. Kashindye alikutwa kitandani, amevaa kila nguo aliyokuwa nayo, na juu yake amejifunika zulia.

Habari ilifika nyumbani imechelewa. Mwili haukufika kabisa. Mahindi yalipandwa, yakapaliwa, yakavunwa, na mama yao alikuwa bado amekaa mkekani. Alikataa matanga yasianuliwe. Alisema hawezi kuanua tanga la mtu ambaye hajazikwa, na wazee wa ukoo walipomshauri azike nguo zake tu, aliwatazama mpaka wakaaga wenyewe. Mwishowe Nyamizi aliifunika cherehani yake, akaenda.

Safari yenyewe haina la kusimuliwa. Alifika Mzizimo kipupwe kingine kinaanza, akaenda moja kwa moja kwenye nyumba wanakohifadhi maiti, inayoitwa Nyumba ya Subira. Ni jengo refu la mawe, halina mtambo wa kupozea wala halihitaji. Mkuu wake, Bwana Tolvi, alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya chini. Alimpa pole, akamkaribisha kiti, akamwambia kwamba ndugu yake yupo salama na kwamba hawezi kumtoa.

Nyamizi alidhani hakuelewa lugha. Akamwomba arudie.

Bwana Tolvi alirudia polepole, kama mtu aliyezoea. Katika Mzizimo, alieleza, mtu aliyekufa kwa baridi wakati umeme umekatika hazikwi mpaka Baraza liamue ameuawa na nani. Nchi ina vyama viwili. Chama cha Mabawa ndicho chenye mitambo ya upepo na vioo vya jua. Chama cha Tanuri ndicho chenye makaa ya mawe na gesi. Umeme ukikatika na watu wakafa, kila maiti lazima iandikwe upande mmoja: ama ni mfu wa Upepo, ama ni mfu wa Makaa. Chama chenye wafu wachache ndicho kinachokabidhiwa mitambo yote mwaka unaofuata. Kwa hiyo, alisema, mtu hawezi kuzikwa kiholela, maana akishazikwa bila kuhesabiwa atakuwa amepotea bure.

Nyamizi aliuliza kama wafu wa Giza Kuu wote bado wamo mle ndani.

“Wengi wameshaamuliwa,” Bwana Tolvi alisema. “Waliobaki ni wageni, wasio na ndugu wa kuwasemea, na wachache ambao ndugu zao ni wagumu.” Alimtazama kwa huruma ya kweli. “Wewe umekuja. Shauri lako litasikilizwa mapema. Mwaka huu idadi za pande mbili zimelingana, na kila upande unamtaka ndugu yako aandikwe kwa mwenzake.”

Hakuruhusiwa kumwona. Alirudi mjini akatafuta nyumba aliyokuwa akipanga Kashindye, akapokewa na mwenye nyumba, mjane aitwaye Bi Halda, mwanamke mrefu, mkavu, anayetembea ndani kwake na koti. Bi Halda alipomwona mlangoni hakuuliza yeye ni nani. Alisema tu, “Mna paji moja,” akampisha aingie, akampa chumba kile kile alichofia ndugu yake.

Siku zilizofuata Nyamizi alizitumia kuijua nchi. Aliona kwamba kila mtu, hata mtoto wa shule, amebandika beji kifuani: bawa la rangi ya fedha au tanuri la shaba. Wauza mikate walikuwa na foleni mbili. Ndugu wa tumbo moja walivuka barabara wasisalimiane. Watu wenye beji ya bawa walikaa kimya mbele ya jiko la makaa wakiota joto lake, wakilitukana kwa sauti ndogo. Na wenye beji ya tanuri walisoma magazeti chini ya taa wasitake kuuliza inawashwa na nini siku ile. Umeme wenyewe ulikuja na kuondoka. Ulipokuja, watu waligombania kuutumia, ulipoondoka, waligombana.

Bi Halda hakuwa na beji. Nyamizi alimwuliza sababu, naye akasimulia akiwa anamenya viazi, bila kuinua macho. Mumewe, Joren, alikuwa fundi wa nyaya za umeme. Vipupwe kadhaa nyuma, kabla ya Giza Kuu, barafu ililemea nyaya mpaka nguzo ikavunjika ikamwangukia, mtaa wote ukazimika. Baraza lilimwita Bi Halda aseme mumewe ameuawa na upepo au na makaa. Alisema ameuawa na nguzo. Wakamwambia nguzo haina chama. Akasema hiyo si shida yake. Toka siku ile Joren yumo katika Nyumba ya Subira, na yeye kila mwaka huitwa, na kila mwaka hujibu vilevile.

“Na Kashindye?” Nyamizi aliuliza. “Alikufaje, mama?”

Bi Halda alikiweka kisu chini. Wakati wa Giza Kuu, alisema, yeye alikuwa amekwenda kijijini kwa dada yake mwenye jiko la kuni. Alimsihi Kashindye afuatane naye, lakini Kashindye alisema dobi litafunguliwa kesho. Halikufunguliwa. Pale mjini palikuwa na mahali pamoja tu penye joto, nao ni Ukumbi wa Baraza, kwa sababu sheria inasema mjadala juu ya umeme hauwezi kukatishwa na kukatika kwa umeme. Ukumbi una mtambo wake wa pekee, na hata dunia ikizimika wenyewe unawaka. Wafanyakazi wa dobi walikwenda huko kwa kundi. Bawabu akawaambia wanaoingia ni wenye beji, akawaonyesha masanduku mawili, kila mtu achague. Wenzake walichukua tu, wengine hata hawakutazama wameokota ya nani. Kashindye alisema yeye ni mgeni, hayajui mambo yao, hawezi kuvaa asichokijua. Alimwambia bawabu kwa adabu, akicheka kidogo kama alivyokuwa, kisha akageuka akarudi.

“Wenzake ndio walionieleza,” alimaliza Bi Halda. “Mimi nilimkuta tu.”

Nyamizi hakulia. Alichukua kisu akaendelea kumenya viazi, na alipomaliza alibaki amekishika. Aliyemwona Kashindye mdogo akikataa kupokea shati la sikukuu kwa sababu halikushonwa kwa jina lake asingeshangaa. Lakini hasira ilimpanda dada yake, na haikuwa kwa bawabu. Alimkasirikia Kashindye. Kipande cha bati kifuani, aliwaza. Kipande cha bati tu, wewe mtoto.

Haukupita muda wakaanza kuja wageni. Wa kwanza alikuwa Bwana Esko wa Tanuri, kijana mtanashati mwenye glavu za ngozi. Alimletea Nyamizi koti zito la sufu, akazungumza vizuri, wala hakuwa mwongo. Alimwambia kwamba katika siku zile za Giza Kuu upepo ulilala kabisa. Baridi kali ya Mzizimo, alieleza, hushuka na utulivu. Hewa husimama kama maji ndani ya mtungi, na mitambo ya upepo husimama nayo. Jua huchomoza watu wameshakunywa chai ya asubuhi na kuzama kabla ya ile ya alasiri, na vioo vyake vimefunikwa na theluji. Betri zao hufika chakula cha jioni, basi. Tanuri ukiliita linaitika, alisema, upepo hauitwi. Alichoomba ni Nyamizi aseme ukweli huo, kwamba ndugu yake aliuawa na Upepo.

Baada yake alikuja Daktari Mirele wa Mabawa, mwanamke wa makamo mwenye macho yaliyochoka. Yeye alileta viatu vya manyoya. Alimweleza kwamba asubuhi ya kwanza ya Giza Kuu, kabla upepo haujalala, tanuri kubwa kuliko yote lilizimika lenyewe, kwa kuwa lundo la makaa lilikuwa limeganda likawa jabali na mabomba ya gesi yalizibwa na barafu. Hospitali ziliendeshwa na mitambo michache ya upepo ambayo haikuganda. Upepo ukilala hapa, alisema, unavuma kwa jirani, na waya ungeuleta, kama Tanuri wasingekataa waya huo usivutwe. Naye aliomba ukweli tu: kwamba Kashindye aliuawa na Makaa.

Nyamizi alirudisha koti na viatu. Kilichomkosesha raha ni kwamba wote wawili aliwaamini. Kila mmoja alikuwa anasema kweli kuhusu mwenzake.

Siku ya shauri ilipofika Bi Halda alimsindikiza mpaka kwenye ngazi za Ukumbi. Theluji ilikuwa inaanguka. Bawabu alimruhusu Nyamizi kwa kuwa ni shahidi, akamzuia Bi Halda, naye hakubishana. Alifuta theluji kwenye ngazi kwa kiganja, akakaa kumsubiri.

Ndani mlikuwa na joto la kushangaza. Nyamizi alihisi vidole vyake vikifunguka kimoja kimoja. Tangu afike nchi ile alikuwa hajavihisi. Jukwaa la wasikilizaji lilijaa mpaka kwenye madirisha. Wazee walikuwa wamevua viatu, wanawake wanafuma, watoto wamelala mapajani, mtu mmoja anakausha soksi kwenye ukingo wa benchi. Na kila msemaji alipoonekana anakaribia kumaliza, jukwaa zima lilimpigia makofi ili aendelee. Waliwapigia Tanuri, waliwapigia Mabawa. Nyamizi alipomwuliza mama aliyekaa karibu naye yuko upande gani, yule mama alimjibu kwamba yuko upande wa anayesema kwa urefu, maana kikao kikifungwa wanarudishwa nyumbani.

Wasemaji walisema. Bwana Esko alieleza yale aliyoyaeleza, safari hii kwa mikono. Daktari Mirele alijibu. Mmoja alipotaja siku ambazo upepo haukuvuma, mwenzake alitaja asubuhi ambayo makaa hayakuwaka. Mmoja akisema umeme wa jirani utatufaa, mwenzake akauliza kama jirani naye haoni baridi siku hiyo hiyo. Palitokea mabishano marefu juu ya neno “kukatika,” kama umeme ambao haukuja umekatika au umechelewa. Mzee mmoja wa Mabawa alisema kwamba katika vipupwe vya zamani, wakati wa tanuri peke yake, watu walikufa vilevile ila hawakuhesabiwa. Mzee wa Tanuri alisema wale walikufa kwa uzee. Katikati ya haya karani aliingia akanong'ona, na Mwenyekiti akatangaza kwa utulivu kwamba mji umezimika tena. Hakuna aliyesimama. Watu wa jukwaani walisogeleana zaidi, wakapiga makofi kwa nguvu.

Ndipo Nyamizi alipoitwa.

Mwenyekiti alikuwa mzee wa heshima, amevaa beji zote mbili, kama sheria inavyomtaka. Alimpa pole kwa niaba ya nchi. Alimweleza kwamba swali ni moja na majibu ni mawili, kwamba neno la ndugu wa damu ndilo linalomaliza shauri, na kwamba Baraza halimlazimishi. Asiposema, ndugu yake ataendelea kutunzwa vizuri.

“Kashindye mwana wa Ngassa,” alisema, “aliuawa na Upepo, au na Makaa?”

Nyamizi alisimama akashika ukingo wa meza. Alisema kwamba kabla ya kujibu anaomba kuuliza jambo, kwa kuwa yeye ni mgeni na huenda hakuona vizuri. Mwenyekiti alimruhusu.

“Giza Kuu limepita mwaka sasa,” alisema. “Bwana Esko ananiambia mabawa yaliganda. Daktari Mirele ananiambia makaa yaliganda. Mimi nawasadiki wote. Naomba kujua, tangu ndugu yangu afe, nani ameezeka paa juu ya makaa? Nani ameweka kitu cha kuyapasha moto mabawa? Nani amekaza nguzo?”

Hakuna aliyeona aibu. Walimtazama kama watu waliosikia swali la mtoto. Mwenyekiti ndiye aliyemjibu, kwa upole, na katika kumjibu ilibainika sheria ambayo hakuna aliyekuwa amefikiria kumweleza, kwa vile kila mtu anaijua. Inaitwa Sheria ya Kukiri. Chama kitakachoutengeneza mtambo wake dhidi ya baridi kinahesabiwa kuwa kimekiri kwamba mtambo huo hushindwa na baridi. Na chama kilichokiri huandikiwa wafu wote ambao hawajaamuliwa. Mwaka fulani wa nyuma, alisema, mhandisi wa Mabawa aliwahi kufunga vipasha moto kwenye mtambo mmoja tu, kwa majaribio. Chama chake kilianguka kabla theluji haijayeyuka. Tanuri nao walikuwa na maturubai ya kufunikia makaa, yapo ghalani mpaka leo, mapya.

“Kwa hiyo hakuna,” Nyamizi alisema.

“Hakuna,” alikubali Mwenyekiti. “Ni hatari mno. Sasa tafadhali, bibi. Upepo au Makaa?”

Alimtazama Bwana Esko, akamwona ameinama mbele kama mtu anayesubiri mpira. Alimtazama Daktari Mirele, naye alikuwa amefumba macho. Akamfikiria Bi Halda kule nje kwenye ngazi. Akamfikiria Kashindye amesimama mlangoni mbele ya masanduku mawili, anacheka kwa haya, anageuka. Kwa muda alitamani kugeuka vilevile, na laiti angekuwa peke yake duniani angegeuka. Lakini alimwona mama yao mkekani, miguu imenyooshwa, kichwa hakijafungwa kilemba tangu habari ilipofika, na wajukuu wanakatazwa kucheka karibu naye.

“Upepo,” alisema.

Alilisema la kwanza lililomjia mdomoni. Angeweza kusema lile lingine.

Upande wa Tanuri ulisimama wote pamoja. Walikumbatiana. Bwana Esko alimshika Nyamizi mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamlengalenga, akamwambia nchi haitamsahau ndugu yake. Daktari Mirele alikusanya karatasi zake taratibu. Alipopita karibu alisita, akasema hamlaumu, na kwamba yeye mwenyewe alimwandika baba yake kwa Makaa ili azikwe, ingawa alikuwa mgonjwa wa moyo. Kisha aliondoka. Jukwaani watu walianza kuvaa viatu kwa huzuni, kwa sababu kikao kilikuwa kimefungwa.

Nje, Bi Halda alikuwa bado amekaa ngazini pale pale, mabega meupe kwa theluji. Alimtazama Nyamizi usoni, akajua. Waliongozana kurudi nyumbani katika mji usio na taa. Walipofika Bi Halda alimsaidia kuvua viatu, akamsugua miguu kwa kitambaa, kama mtu anavyomfanyia mwanawe.

“Umefanya vyema kumchukua,” alisema.

“Nimesema uongo, mama.”

“Najua.”

Kesho yake asubuhi Tanuri walikabidhiwa mitambo yote, na jambo la kwanza walilofanya ni kufunga mitambo ya upepo. Sheria iliwapa haki hiyo. Nyamizi aliyaona hayo kwa macho yake, kwa kuwa barabara ya kwenda Nyumba ya Subira hupita chini ya vilima ilikosimama. Siku ile upepo ulikuwa unavuma kweli, upepo wa kumtoa mtu njiani, unapiga mluzi kwenye nyaya. Na juu kule wanaume walikuwa wamening'inia kwa kamba, wanafunga mabawa kwa minyororo yasizunguke, maana chama kilichoua hakiruhusiwi kuonekana kinafaa. Upande wa pili wa barabara palikuwa na lundo la makaa ya Tanuri, refu kama kilima, limefunikwa theluji. Watu walikuwa wakilipiga kwa mitaimbo. Mitaimbo ilidunda. Nyuma yao mji wote ulikuwa baridi, na dohani hata moja haikutoa moshi.

Alisimama pale mpaka dereva wa gari la maiti akapiga honi. Alitaka kumwambia mtu kwamba ni neno lake lililofanya vile, lakini hakuwapo wa kuambiwa. Wale wenye minyororo walimpungia mkono kwa adabu, na wale wenye mitaimbo nao pia.

Bwana Tolvi alikuwa amemtayarisha Kashindye vizuri. Jeneza lilikuwa la bati, limechomelewa pande zote kwa ajili ya safari ya kwenda nchi ya joto, na juu ya kifuniko wamepigilia kibati chenye neno moja, kama sheria inavyotaka. Nyamizi aliomba kiondolewe. Bwana Tolvi alisema kwamba kikiondolewa hesabu itaharibika na shauri litafunguliwa upya. Aliomba radhi, na ilionekana radhi yake ni ya dhati.

Bi Halda alikuwa amekuja kuaga. Alikwenda kwanza mwisho wa ukumbi ule mrefu, akasimama kidogo mahali fulani, akarudi. Nyamizi alimshika mikono. Alimwambia mji umezimika na safari hii hautawaka upesi. Akamwomba aende kijijini kwa dada yake. Bi Halda alisema dada yake alifariki wakati wa kiangazi. Nyamizi akamwomba wafuatane, akamwambia kwao kuna chumba, na jua lipo bure. Bi Halda alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza.

“Basi sema neno moja, mama,” Nyamizi alimsihi. “Lolote. Uwape wanachotaka, umzike baba, uondoke hapa.”

“Wewe una mama anayengoja,” Bi Halda alisema. “Mimi anayeningoja ni Joren, na hana haraka.”

Nyamizi alivua khanga zake mbili alizokuwa amejifunga chini ya koti lake jepesi alilokuja nalo, akamzungushia Bi Halda shingoni na mabegani. Zilikuwa nyepesi, za nchi ya joto, hazikuwa na msaada wowote pale. Bi Halda alizishika pindo, akazisoma rangi zake, akasema ni nzuri. Alipoachwa alikuwa amesimama mlangoni pa Nyumba ya Subira, nusu ndani nusu nje, kwa sababu ndani na nje baridi ilikuwa ile ile.

Nyumbani walimpokea kwa kilio, kama inavyotakiwa. Kaburi lilikuwa tayari. Wazee wa ukoo waliuliza kama jeneza litafunguliwa, Nyamizi akasema halifunguki, wakakubali. Ardhi ilikuwa ya moto. Wachimbaji walikuwa wanajifuta jasho kwa mikono yao yenye udongo. Watu walipomwuliza ni nini hasa kilichomuua kijana, aliwaambia ni baridi, nao walitikisa vichwa bila kuelewa, kwa kuwa kwao baridi ni kitu cha asubuhi, cha kuota moto na kusahau.

Mama yao aliletwa akishikiliwa huku na huku. Alipiga magoti kando ya jeneza. Kwa kuwa hakuweza kumwona mwanawe alipapasa bati, polepole, kutoka miguuni kwenda kichwani, mpaka vidole vyake vikafika kwenye kile kibati. Hapo vilisimama. Alizifuata herufi moja moja, herufi za nchi ya watu, na hata za kwao hakuwahi kufundishwa.

“Wameandika nini hapa?” aliuliza.

Watu wote walimgeukia Nyamizi, ambaye peke yake ndiye aliyeijua lugha ile.

“Jina lake, mama,” alisema.

Mama aliinama, akalibusu lile neno, akaruhusu wamshushe.